Kamba ya Ng'ombe

Miaka ya tisini mama yangu alianza kusahau. Kila asubuhi alitoka kwenda soko la Oyugis kuuza vyungu ambavyo alikuwa ameacha kufinyanga zamani. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alichoka kumtafuta. Siku niliyotoka kazini Homa Bay kuja kumwona mama, nilimkuta amefungwa mguu kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya jikoni. Hata kusimama vizuri hakuweza tena.

Niliikata ile kamba, nikaacha kazi. Muuguzi aliniambia, "Mtembeze kila siku. Atapata usingizi, na hasira itapungua." Nikamtembeza, chungu kitupu kichwani mwake, na kwa makusudi nikapitia mlangoni kwa baba mdogo. Baada ya miezi mitatu mama alikuwa akilala vizuri na kupanda kilima bila kunishika mkono. Baba mdogo akitusikia, anafunga mlango. Nilifurahi, sikatai.

Miaka ikapita, naye baba mdogo akaanza kusahau. Watoto wake wakaja kuniuliza wafanye nini. Kwanza niliwawekea mezani vipande vya ile kamba, wakavitazama. Kisha nikasema, "Mtembezeni kila asubuhi, na mpitie hapa kwangu."

Wakampitisha. Alitusalimu kwa furaha, na mama akamkaribisha kama mgeni. Wote wawili walikuwa wameisahau kamba. Mimi sikuisahau, na ile salamu sikuiitikia.