Siku Niliyowalaza Mabinti Kando ya Barabara ya Minago

Aibu yenyewe naitoa mwanzoni nipumue: hadi leo nikipita sokoni Minago, kwetu kando ya ziwa, kuna watu wananiita Mama Lala-Chini, na hawakosei.

Ilikuwa wakati wa vita, simu za mkononi ndiyo kwanza zinafika kwetu, na mabinti sita niliokuwa nawafundisha cherehani walikuwa na simu tatu na akili moja, mchezo wa nyoka. Zena, mtoto wa dada yangu Hadija, alishashona mkono wa blauzi kwenye mguu wa suruali (ya mteja, tena mwalimu!), na Hadija akaniambia wazi, "Asha, kama hauwezi kumutuliza huyu mutoto, juma lijalo ninamutoa, akakamue mawese na mimi." Na Zena ndiye aliyekuwa na mkono mzuri wa kushona kuliko wote, sikutaka kumpoteza.

Sasa mimi nilikuwa nimetoka semina Bujumbura, ambako walitufundisha kutuliza hofu ya vita: unalala, unafumba macho, unafuata pumzi yako ikiingia na kutoka, kelele zikija unaziacha zipite. Nikasema kama dawa hii inaweza mizinga, nyoka wa simu ni nani? Kibandani petu pa kushonea kulikuwa na joto, nikawatoa nje wakalale kwenye majani kando ya barabara, simu nikazifungia kwenye kopo la vifungo. Walipolala chali wakawa wanatazamana na kucheka, basi nikaamua (hapo ndipo nilipoharibu) walale kifudifudi, na mimi mwalimu nikalala mbele yao.

Ikawa kimya kizuri ajabu. Mara nikasikia basi dogo linafunga breki, milango, miguu inakimbia, kina mama wa sokoni wanapiga mayowe wakielekea ziwani, nami nikasema kwa ile sauti ya semina, "Ziacheni zipite." Kopo likaanza kulia, simu zote tatu. "Na hizo pia." Hakuna binti aliyetikisika, nikajivuna kabisa.

Kumbe dereva alikuwa ameona watu saba wamelala uso chini, na wakati ule watu walilala hivyo kwa sababu mbili tu: wanakwepa risasi, au zimeshawapata. Abiria wake wote walikuwa mtaroni.

Hadija akaja mbio kutoka sokoni, kiatu kimoja, akamwangukia Zena akiliita jina lake. Zena akafumbua jicho moja. "Mama, uniache kidogo, nilikuwa karibu kutulia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hadija akampapasa mtoto kichwa, mgongo, miguu, kisha akanigeukia. "Nimepiga simu zote tatu, Asha. Zote tatu! Nilishaanza kuwaza sanda." Nikalia naye palepale, mbele ya abiria waliokuwa wanajipangusa matope na kunitukana kwa Kirundi na Kiswahili.

Zena alibaki, kwa sharti la mama yake. Pumzi naifundisha bado, na inafanya kazi, sibishani na mtu. Ila tunakaa kwenye viti, ndani, na simu ya mama ikilia inapokelewa hata kama sindano iko mdomoni. Binti anasema, "Niko muzima, mama," ndipo tunaendelea kupumua.