Bafta Yenye Doa la Kutu

Watu wananijua kwa kufa. Kwenye tamthilia nimekufa kwa sumu, kwa uzazi, kwa kihoro, na mara moja kwa kuanguka ngazi za nyumba ya kukodi kule Goba. Nikipita sokoni Temeke wanawake hunipigia kelele: "We marehemu, umefufuka lini?" Nacheka nao, maana mtu wa mchezo asiyejua kucheka na watu wake arudi kwao akalale. Ila kifo changu cha kwanza sijawahi kukichekea.

Mama yangu hakuitaka kazi hii, tangu nilipoanza na jukwaa. Mwalimu wetu wa maigizo alikuwa akitufundisha kutoa sauti tumboni: "Kiti cha mwisho kisikie! Aliyekaa kiti cha mwisho naye kalipa kiingilio." Nikawa nafanya mazoezi uani, mama anachambua mchele. Ananitazama juu ya miwani. "Punguza. Mtoto wa kike hana sauti ya kupasua bati." Kwetu, familia ya Kiislamu ya mji huu tangu mababu, sauti ya mwanamke ilikuwa kitu cha kufunikwa. Nilikuwaga mkaidi, sikupunguza. Ila moyoni nilitaka kitu kimoja kwake, nacho ni radhi. Mtu anaweza kupigiwa makofi na mji mzima, na bila radhi ya mama akawa anatembea peku.

Basi nikapata nafasi kubwa ya kwanza kwenye filamu. Nilikuwa niigize binti aliyefariki, avishwe sanda, halafu mama yake amfunue uso kumuaga. Tulikuwa tunarekodi Boko, mchana, jua kali. Mtu wa mavazi akaleta pazia la nailoni! Mwongozaji akashika kichwa: linang'aa kwenye kamera, haliwezi kuwa sanda hata kwa kipofu. Kila mtu kanuna. Mie na mdomo wangu nikasema, "Bafta ya sanda tunayo nyumbani. Kesho naleta."

Kweli tulikuwa nayo. Mama alikuwa na sanda yake mwenyewe, kama walivyo wanawake wengi wa rika lake. Dada yake alikwenda nayo Hija akaichovya maji ya Zamzam, akaianika huko huko, akairudisha. Ilikaa kwenye sanduku la bati uvunguni, imenyunyiziwa karafuu maiti, na kila mwezi wa Shaabani mama aliitoa akaianika na kuikunja upya. Sie watoto tulikatazwa hata kuigusa. Kesho yake mama akaenda kwenye arusi Kiwalani, nami nikafungua sanduku.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, najua. Nilijiambia itarudi kabla ya alasiri, na ikarudi kweli. Niliikung'uta poda, nikaikunja mikunjo ile ile. Mama hakugundua kitu.

Miezi ikapita, filamu ikaonyeshwa kwenye runinga. Jirani akamfuata mama: "Njoo umwone mwanao, bibi, leo usikatae." Na mama, aliyekuwa hajawahi kunitazama nikiigiza hata mara moja, siku hiyo akakubali. Akajitanda khanga, akakaa kwenye mkeka wa jirani, na mie nyuma yake nimejaa furaha mpaka kooni. Likaja lile tukio. Kamera ikasogea karibu na uso wangu, na pembeni mwa shavu langu, kwenye bafta, doa la kutu. Ni doa la bawaba ya lile sanduku. Alilijua kama anavyojua makovu ya watoto wake.

Hakupiga kelele. Laiti angenipiga! Alinyanyuka, akaaga vizuri, akaenda nyumbani. Nilimkuta ameiweka bafta kitandani kwangu.

"Chukua nguo yako," akasema. "Aliyeivaa ni wewe."

Tokea siku hiyo nikawa namwamkia shikamoo, anajibu marahaba, basi. Chakula changu anakula, dawa nikimpa anakunywa, na mazungumzo hakuna. Nilimpelekea mama mkubwa aniombee msamaha. Mama akamjibu, "Sina kinyongo. Ile nguo si yangu tena, basi." Nikanunua bafta mpya, nikaipeleka mpaka mlangoni kwake. Ng'o! Akairudisha na mfuko wake. Miaka tisa. Nikawa nyota huku nyumbani kwetu ni mpangaji. Nilihama nikapanga Kinondoni, lile furushi la bafta nikaenda nalo, na kila Shaabani niliianika kama alivyokuwa akiianika yeye. Na katika miaka yote hiyo mama hakununua sanda nyingine. Niliona, ila sikuelewa.

Halafu presha ikamwangusha. Nikarudi Temeke kumuuguza. Siku moja baada ya sala ya alasiri, namkanda miguu iliyovimba, akasema ghafla:

"Mle ndani ulionaje?"

Nikadhani anaweweseka. "Ndani ya wapi, mama?"

"Ya sanda. Si ulifungwa? Nieleze."

Nikaacha kumkanda. Nikamweleza ukweli, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Nikasema kuna joto. Pumzi inakurudia mwenyewe usoni. Huoni kitu ila mwanga mweupe, na harufu ya karafuu maiti inapanda mpaka kichwani. Na kila kitu unakisikia: fundi anagonga msumari, mtu anauliza chapati zimebaki ngapi.

"Uliogopa?"

"Waliponifunga miguu, niliogopa sana. Kisha nikamsikia yule aliyeigiza mama yangu, kaniinamia sikioni. Nikatulia."

"Kumbe unasikia."

"Mie nilikuwa hai, mama."

"Najua ulikuwa hai! Sikuzaa maiti mie, wala mimi si mjinga." Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa nikaona meno yake. "Iko wapi hiyo nguo?"

"Ninayo. Naianika kila Shaabani."

"Basi nivisheni hiyo. Imeshajaribiwa."

Tukacheka wote wawili, halafu mie nikashindwa kuendelea kucheka. Nikaweka kichwa mapajani kwake nikauliza kile nilichokuwa nakibeba: "Umeniradhia, mama?"

"Nimekuradhia. Ulinipora nguo yangu, nikaumia, nikaumia sana. Yamekwisha." Akanishika sikio, akalivuta kama zamani. "Nataka mambo mawili. Yasini unisomee wewe, hao shangazi zako wananong'ona kama wanaiba. Na usiniigizie. Ukilia, lia kilio chako."

Alifariki wiki ile ile, Alhamisi, kabla ya adhuhuri.

Msiba ulijaa. Wengine walikuja kumzika mama, na wengine, Mungu awasamehe, walikuja kuniona mie nikilia, na simu zimeshaelekezwa dirishani. Tulimwosha, tukamvisha ile bafta. Mikono yangu ndiyo iliyomfunga miguu, nikalegeza fundo kidogo, mwoshaji akaona akaniacha. Doa la kutu lilikuja kukaa pembeni mwa shavu lake. Hakuna aliyelipanga pale.

Nikakaa kichwani pake nikafungua msahafu. Chozi halikutoka. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Kwenye filamu anajigaragaza, kwa mamake mkavu!" Niliungua. Ningeweza kuangua kilio cha kuwanyamazisha wote, kazi hiyo naijua kuliko yeyote. Sikukitoa. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikaanza kusoma kwa sauti ile ya jukwaani. Shangazi akanigusa bega: "Punguza, mwanangu, wanaume wako nje."

Sikupunguza. Katikati ya sura sauti ikakatika, machozi yakaja yenyewe, mabaya, na kamasi, bila mpangilio wowote wa kamera. Nikajifuta kwa mkono nikaendelea. Wanaume waliingia, wakanyanyua jeneza. Kwetu wanawake hawaendi kaburini, hivyo mie nilibaki palepale kwenye mkeka, nikisoma. Aliyebeba nyuma kabisa aliniambia baadaye kwamba walinisikia mpaka wanakata kona ya barabarani.

Nikamshukuru. Nilikuwa sijui kama mama anasikia.