Brigedi Tatu za Watu Hamsini na Wanane

Jumanne, tarehe 10 Mei 2022, saa moja na dakika kumi asubuhi, watu watatu wenye silaha waliingia katika chumba cha kushonea cha Mapendo, sokoni Nyabiondo, wakaagiza alama za vyeo za brigedi tatu. Kazi ilitakiwa saa kumi jioni. Zilikuwa saa nane na dakika hamsini kwa jeshi zima.

Mapendo alizaliwa kijiji cha Kingi, akajifunza ushonaji miaka miwili katika kituo cha parokia, na kwa miaka sita aliwashonea wanajeshi wa serikali kila rejimenti moja ilipoondoka na nyingine kuingia. Hakugusa mkasi kabla ya kuandikiwa kila kipande ni cha nani na cha cheo gani. Aliwaambia hivyo hata hawa. Saa mbili na nusu mmoja wao, Pierre, alirudi na karatasi mbili za majina.

Pierre huyu, ambaye mwaka uliotangulia aliuza vocha za simu, sasa aliitwa T1, yaani mkuu wa ofisi ya majina na watu. Mkuu wake alikuwa Paul, kiongozi wa kundi la wapiganaji wa msituni, jenerali kwa tamko lake mwenyewe. Ujumbe wa serikali kutoka Goma ungekuja kesho yake kuhesabu wapiganaji wa kuingizwa jeshini, na ilivumishwa kwamba mwenye brigedi moja angeandikwa kanali, mwenye tatu angeandikwa jenerali. Basi Paul alilikata kundi lake vipande vitatu kama muhogo, akaviita Brigedi ya 301, ya 302 na ya 303. Ya kwanza haikuwapo, wala ya mia tatu. Serikali huviita vikosi vyake kwa namba, naye aliona kwamba namba ndiyo jeshi lenyewe.

Mapendo aliisoma orodha polepole. Mpangilio aliujua: kompania tatu katika batalioni, batalioni tatu katika brigedi, kila kompania na mkuu wake, kila batalioni na mkuu na msaidizi, juu yao kamanda wa brigedi, wasaidizi wake wawili, na ofisi tano, T1 hadi T5. Kwa hiyo kila brigedi ilidai wakubwa ishirini na watatu, na zote tatu sitini na tisa. Paul alikuwa na watu hamsini na wanane. Kila mmoja wao alikuwa amepewa cheo, na bado nafasi kumi na moja zilikuwa tupu. Wa kuamrishwa hakubaki hata mmoja.

Kambini walikuwa wameligundua kosa hilo, wakalirekebisha kwa namna yao. Saa tatu na dakika arobaini jirani yake Estelle alileta habari kwamba wanaume ishirini walikuwa wamekamatwa mashambani, wakiwa na majembe yao, ili kesho wasimame mstarini nyuma ya wakubwa. Akilimali, mume wa Mapendo, alikuwa miongoni mwao. Alipigwa kitako cha bunduki kwa kuuliza sababu. Aliyeandikwa mwanajeshi mbele ya ujumbe huchukuliwa alama za vidole na kupelekwa kambi ya mbali, na wengi hawakurudi. Mapendo alikuwa na muda hadi saa kumi.

Pierre alipokuja kukagua kazi, saa sita, alimwonyesha orodha kwa ncha ya mkasi.

"Papa Pierre, brigade ya tatu haiko na T5."

"Ile T5 iko na kazi gani kwanza?"

"Weye T1 haujue?"

"Najua. Nakuuliza tu kama na weye unajua."

"Njo ule wa raia. Halalake mu kambi, analala mu kijiji. Kesho bale ba Goma batatafuta ule wa kwanza, juu banapenda sana mambo ya raia."

Pierre alikiri kwamba hakuna mkubwa yeyote ambaye angekubali kulala nje ya kambi bila walinzi. Mapendo akataja, kama mtu anayetaja vifungo, kwamba kati ya wakulima waliokamatwa yumo mmoja anayejulikana kila nyumba hadi Kingi.

"Bwana yako," Pierre akasema akicheka. "Mama, weye uko mujanja."

"Basi andika mwengine. Mie nashona tu yenye iko ku karatasi."

Hakuwa na mwingine, na ingempasa kumweleza jenerali kwamba alisahau ofisi nzima. Akaandika.

Saa kumi kasoro dakika tano Akilimali alivishwa galoni begani, alama za cheo cha kapteni, akapewa karatasi ya safari yenye muhuri wa jenerali: akae karibu na raia, Kingi. Kwenye kizuizi cha barabarani, yule aliyempiga asubuhi alisimama wima akampigia saluti. Akilimali hakujua saluti hujibiwa vipi, akapita bila kumtazama. Kwa hilo wakazidi kumheshimu.

Alfajiri iliyofuata mume na mke walikuwa njiani kuelekea Buleusa, si Kingi, cherehani ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki. Ujumbe ulifika na mvua. Hakuna aliyeshuka garini, na brigedi zikaandikwa tatu.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2023, kundi lilikuwa limegawanyika kuwa divisheni mbili, moja ya Jenerali Paul na nyingine ya Jenerali Pierre. Katika orodha zote mbili kulikuwa na Kapteni Akilimali, T5, ambaye mwezi huo alikuwa Buleusa akivuna maharage.