Kamera ya Mlango wa Nyuma

Kwenye lile ghala la rangi, fundi wa kamera aliitwa Jicho, na jina likamkaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kupanda ngazi, mgumu wa maneno. Ukimpigia simu asubuhi, kabla hujamaliza chai yuko juu ya ngazi na bisibisi mdomoni.

Siku hiyo hakuitwa kupanda ngazi. Meneja alimketisha mbele ya skrini. Madebe ya rangi nyeupe yalikuwa yakipotea, na kamera kuukuu ya mlango wa nyuma ilikuwa imemnasa mtu mwenye koti la mlinzi akitoka na debe mvuani. Meneja alitaka jambo moja tu: picha ivutwe, uso uonekane, mlinzi afukuzwe.

Jicho akaivuta. Uso ukageuka vigae vya kijivu.

"Hapa hakuna uso," alisema. "Hata nikiivuta ienee ukuta huu, utaona vigae vikubwa zaidi, basi."

Akamweleza kwamba nyuma ya lenzi kuna kihisi, kipande kidogo kama ukucha kilichojaa vijicho vya kupokea mwanga. Vya kamera hii ni vichache. Mtu akiwa mbali, uso wake wote unaangukia kwenye vijicho viwili vitatu, na kisichoingia siku ile hakiwezi kutolewa leo. Akaomba afunge kamera mpya yenye kihisi cha kisasa, kisha wasubiri.

Meneja alikunja uso. Alishasikia kwamba fundi na mlinzi ni ndugu.

"Ni baba yangu mdogo," Jicho alisema bila kupepesa. "Ndiyo maana nataka kamera iseme, sio mimi."

Meneja alikubali shingo upande. Kamera ikafungwa, na pale ghalani walijua wao wawili tu. Nyumbani alimdokezea mama yake, naye akamjia juu: shemeji yake anasingiziwa, na binti yake anamtegea mtego? Jicho aliendelea kula. Hakuwa na hakika kamili. Ikiwa mwizi ni baba mdogo kweli, angeikabidhi picha vilevile. Shauri hilo alishalikata moyoni, na usingizi ukamjia vizuri.

Mvua iliponyesha tena, koti likatoka na debe. Safari hii picha ilivutwa ikabaki wazi: ndevu, matone kwenye nyusi, rangi ikichuruzika kutoka kwenye tundu la debe. Alikuwa dereva wa folklifti, ile mashine ya uma ya kuinulia mizigo. Walipomwita alikiri papo hapo. Uma za mashine yake zilikuwa zikitoboa madebe, naye kwa woga aliyaficha kwenye kibanda cha nyuma, akijifunika mvua kwa koti la mlinzi lililotundikwa mlangoni. Madebe yote yalikuwamo.

Dereva alipewa onyo kali na kurudishwa mafunzoni. Meneja alikwenda mwenyewe getini, akamwomba mlinzi radhi mbele ya wapakiaji. Mlinzi alipokea kwa heshima, kisha akamgeukia Jicho.

"Mwanangu, ningekuwa mimi, ungewaonyesha?"

"Ningewaonyesha, baba."

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno, akasema kama ni hivyo ameridhika.

Haukupita muda, meneja akamwita tena. Sasa alitaka kamera juu ya mkanda wa kujazia rangi, itazame kila debe linalopita, na lenye mfuniko uliolegea litolewe mapema. Jicho alipima upana wa mkanda, akauliza kuhusu taa, akaegemeza ngazi.