Mpira wa Kumi wa Telo

Roilin Peguero ameshiba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema miaka miwili mfululizo, tena kwa sauti, mbele ya duka la Chano, huku nakaanga yanikeke zangu, vimkate vya unga wa ngano, ili kila anayepita asikie na mikate yake ya moto mkononi. Kabla ya mkataba alikuwa anaupiga mpira wa besiboli kama ana ugomvi nao. Alipotia saini na wale Wamarekani, miaka saba, pesa ambazo hata gazeti lilikosea sifuri zake, akawa anasimama pale na gongo lake kama mtu anayesubiri basi. Nilimchukia. Sioni haya kusema.

Mume wangu ndiye aliyemfundisha. Jina lake Eleuterio, sisi tunamwita Telo, na kiwiko chake cha kulia hakinyooki tena kwa kurusha mipira ya mazoezi miaka thelathini na minane katika uwanja wetu huu wa San Pedro. Hajacheza mechi hata moja ya watu kukata tiketi. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya kiwavu cha kumkinga na kuwarushia wapigaji mpaka wachoke wao. Cheo hana. Lakini pale uwanjani alikuwa na ndoo yake aliyoigeuza kiti, msumari wake wa kutundika kofia, na mlinzi alimfungulia lango bila kumuuliza anakwenda wapi. Mnyang'anye Telo hayo, umemzika.

Tena ana wazimu wake. Katika kila mipira kumi, mmoja anautupa ndani, unakwangua mbavu za mpigaji au unamgonga kabisa, na hasemi ni upi. Huenda ukawa wa kwanza, huenda ukawa wa tisa, yeye anauita tu mpira wa kumi. "Mrushaji wa mechi hatakupigia simu kukuarifu," ndivyo anavyosema. Mama yake Roilin aliwahi kuja kwangu kugomba, taulo begani, kwa sababu mwanawe alirudi na alama nyekundu ubavuni. Nikamjibu ampeleke akacheze karata. Mtoto akajifunza kukwepesha kiuno na kurudi palepale kupiga, na alipofika Marekani hakuna mrushaji aliyeweza kumtisha.

Basi, ule mwaka wa mkataba alirudi nyumbani Desemba na gari la vioo vyeusi, na mtu wa wakala wake, Amaury, anayemfuata nusura mpaka chooni. Wiki hiyohiyo mafundi wakashusha mabati mapya mlangoni kwangu. Paa letu lilikuwa limeondoka na kimbunga, tukilala chini ya turubai. Zawadi ya Roilin. Nilipokea, ningefanya nini? Telo alipokuwa anafunga viatu kwenda kumrushia, nikamwambia, "Sikiliza, mume wangu. Ukimvunja yule mbavu, haya mabati tutayang'oa tumrudishie?"

"Mpira wa kumi ni wa kumi, Nereida."

"Kwake yeye, hesabu mpaka tisa."

Aliondoka bila kunywa kahawa. Aliporudi niliona usoni kwamba amenisikiliza, nikafurahi, nikasahau. Msimu ule wote wa baridi hakumtupia ndani, na uliofuata pia.

Msimu wa kwanza Roilin akawa kituko. Wa pili ndiyo usiseme. Redio ikamwita godoro. Pale dukani kwa Chano wanaume walikuwa wakipiga domino na kumtukana kwa zamu, na mimi na kikaango changu nikiwapita wote kwa sauti. Brígida, anayeuza machungwa pembeni yangu, hakupenda.

"Muache mtoto wa watu, shoga. Labda anaumwa."

"Anaumwa shibe!"

"Na wewe unamsema hivyo umelala chini ya bati lake!"

"Bati alinipa. Mdomo hakuununua."

Wanaume wakacheka, nikajiona mshindi. Telo peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa mbele ya televisheni ya Chano, anaangalia mechi ya Roilin iliyorudiwa, pua karibu iguse kioo.

"Hajashiba yule," akasema tukiwa njiani kurudi. "Anaogopa. Wakimtupia ndani anafumba macho."

"Anaogopa nini, na mapesa yote yale?"

Akanitazama mimi. Kisha akaendelea kutembea, na mimi nikaendelea kumponda Roilin mpaka tukafika nyumbani.

Januari hii ndiyo yalipotokea. Nilikuwa kwenye uzio na beseni la yanikeke, watu wamejaa kumtazama tajiri anafanya mazoezi. Kabla hajaanza, Amaury alimwendea Telo kwenye ndoo yake. Simung'unyi maneno, nilimsikia vizuri.

"Mzee, huyu mwili wake una bima. Mpira ukimgusa, wewe na uwanja huu basi. Tumeelewana?"

"Nimesikia," Telo akasema.

Akarusha wa kwanza, Roilin akaupeleka juu ya ukuta. Wa pili, vilevile. Watu wanapiga makofi, mimi nasonya. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba ukaingia ndani.

Roilin hakukwepa. Alifumba macho, kama Telo alivyosema, na mpira ukamtwanga ubavuni, nikausikia mpaka uzioni. Akapiga magoti. Amaury akaanza kupiga mayowe ya daktari na polisi. Roilin akainuka taratibu, gongo mkononi, akamfuata Telo.

Beseni nililitupa. "Mguse uone! Wewe mlafi! Umemaliza kula Marekani sasa unataka kula wazee?"

Hata hakugeuka. Alisimama mbele ya Telo, anahema, na gongo likamdondoka.

"Mzee, miaka miwili hujanitupia huo. Kwa nini?"

Telo akainama kuliokota gongo.

"Kule wananitupia kila siku. Kila siku! Nasimama nangoja mwili ukumbuke, haukumbuki. Huku nyumbani wote mnanitabasamia. Wanasema nimevimba, nimeridhika, na mimi sijui nina nini. Uliniogopa mimi, mzee, au uliogopa mkataba?"

Telo angeweza kunionyesha kidole. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, yanikeke zimetapakaa miguuni pangu.

"Niliogopa," akasema. "Mimi mwenyewe."

Na mimi, mwenye mdomo usionunuliwa, nilinyamaza.

Amaury akaenda kwenye msumari, akachukua kofia, akamtupia Telo kifuani. Mlinzi akafungua lango huku anatazama viatu vyake. Nilidhani Roilin atasema neno, hata moja tu. Aliingia garini ameshika ubavu, akafunga kioo. Hilo simsamehe mpaka leo, najua sina haki, na bado simsamehe.

Sasa ni Mei. Roilin anapiga tena, wanamtupia ndani anakwepa na kurudi palepale, redio imesahau kuwa ilimwita godoro. Kwa Chano wanasema eti ameamua kuifanyia kazi pesa yake. Brígida ananiuliza mbona siku hizi sina neno. Namwambia mafuta yamepanda bei.

Juzi ilinyesha mvua kubwa mchana kutwa. Telo alikuwa amekaa chumbani, kofia magotini, maana hajataka kupigilia msumari mwingine. Nikasimama mbele yake nimwambie kwamba kosa lilikuwa langu. Nikafungua mdomo, kilichotoka ni kumuuliza kama anataka kahawa.

Alitazama juu, akasikiliza mvua.

"Paa zuri hili, Nereida," akasema. "Halivuji hata tone."