Picha Iliyomkataa Nyanya

Lenzi ile niliijua kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mzee aliingia kibandani kwangu hapa mtaa wa Tena na fimbo yake, akaiweka lenzi juu ya meza. Lenzi nzito ya shaba, ya zile kamera za zamani za miguu mitatu, mpigaji anajifunika kitambaa cheusi kichwani. Nikamtazama usoni. Yeye hakunijua.

"Fundi, shata imekwama," akasema. "Naambiwa Nairobi nzima ni wewe tu."

"Hawakukudanganya."

Alitaka kupigwa picha ya mwisho kwa kamera yake mwenyewe, ile ya kuwekwa juu ya jeneza. Ya simu hataki. Nikamwambia arudi Ijumaa. Alipotoka niliigeuzageuza lenzi ile, hasira imenijaa.

Wewe uliyekulia nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, unajua zilivyokuwa. Chumba kimoja, pazia katikati, nyanya na mimi upande huu, stovu na sufuria upande ule. King'ora cha reli kikilia alfajiri, milango yote inafunguka. Kazi yangu ilikuwa foleni ya maji bombani, kisha shule, ambayo niliiacha darasa la nne na sijafa. Nyanya aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Harufu yake ilikaa hadi kwenye blanketi letu, na mpaka leo nikiipata mahali nasimama kidogo.

Nyanya alitaka picha moja tu maishani. Kwao magharibi, maiti ikifikishwa nyumbani, picha hubebwa mbele, ili hata asiyemjua marehemu ajue anamlilia nani. "Nisizikwe kama mzigo," alikuwa akisema.

Basi Julai moja akavaa gauni la kanisani, tukaenda studio ya huyu mzee, wakati huo kijana wa nywele za mafuta. Tulienda asubuhi na mapema maana omena haingoji. Baridi ya kukata masikio. "Tulia mama, usipepese," akasema, nikasikia mlio, kwa! Tuliporudi kuchukua picha, karatasi nyeusi tii. Tukarudia, tena asubuhi. Nyeusi tena. Na wateja wa mchana wote picha zao zimetoka, wanacheka na meno nje.

Hapo ndipo alipolisema, mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja: "Huyu mama picha inamkataa."

Tulipofika bombani neno lilikuwa limetutangulia. Mtu ambaye picha inamkataa ana kitu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekuwa akiomba chumvi kwetu kila jioni, akaanza kuita watoto wake ndani nyanya akipita. Omena zikabaki kwenye karai. Kuna mama mmoja alisema waziwazi pale bombani, "Hata kamera imeona!" Nyanya alijitwisha ndoo yake akaenda. Studio nyingine hakutaka kusikia. "Na ikikataa tena?" akaniuliza. Alipofariki tulimsafirisha bila picha. Mbele ya jeneza nilitembea mimi, mikono mitupu.

Sasa sikia. Nilifungua pete ya mbele, nikatoa kioo, nikaifikia shata yenyewe, vile vibati vyembamba vyeusi vinavyofunguka kupitisha mwanga. Vimegandana. Mafuta ya cherehani! Yule mtu alikuwa akiipaka shata mafuta kama cherehani, na shata hufanya kazi ikiwa kavu. Ukiipaka, asubuhi ya baridi mafuta yanakuwa mazito. Unabonyeza, mlio unausikia, vibati havifunguki. Jua likiwaka yanalegea, picha zinatoka. Na yeye alijua. Akija karani au mwalimu asubuhi, alikuwa kwanza anaisogeza lenzi karibu na jiko la makaa. Nilimwona mara nyingi nikipita na debe langu, nikadhani ni mbwembwe za wapiga picha. Nyanya yangu hakuwashiwa jiko.

Niliviosha vibati kwa petroli, nikavipangusa, nikajaribu. Kwa! Kwa! Haikosi.

Ijumaa akaja. Nikamtajia nyanya, mama wa omena. Akasema, "Ilikuwa baridi tu, fundi. Ningesema kamera yangu mbovu, nani angekuja?"

"Simama pale mlangoni useme hivyo kwa sauti. Sema si yeye."

Akasimama, akapaza sauti: "Haikumkataa mama wa omena! Ilikuwa shata!"

Vijana wawili waliokuwa wakiosha pikipiki wakaangua kicheko. "Buda, niaje mzee? Huyo shata ni nani, amekukosea?"

Wa kusikia hawapo. Jirani wa chumvi alikufa. Yule mama wa bombani alikufa, na bomba lenyewe lilishang'olewa, pamesimama gorofa za watu wasiojua nani analala ng'ambo ya ukuta. Neno la kumchafua lilipata masikio ya mtaa mzima. La kumsafisha limepata vijana wawili na pikipiki.

Lenzi nilikataa kumpa. Akaniita mwizi, nikamwambia aende polisi. Nasikia sasa hainuki kitandani, na anatuma watu waniombe. Waombe. Mimi nikifumba macho naiona mikono ya nyanya, magamba ya omena kwenye kucha, naisikia sauti yake ikiniita niamke. Uso siuoni. Nimeutafuta miaka mingi, na hakuna mahali popote duniani pa kwenda kuutazama.