Misa ya Mtoto Tusiyejua Aliko

Mwanangu wa kwanza alitoka nyumbani kwetu Mabanga siku vita ilipoingia mjini Goma. Alikuwa anaenda Keshero kumchukua tate yake, yaani mama yangu mzazi, aliyeishi peke yake karibu na ziwa. Hakuna aliyemtuma. Kazi yake ilikuwa kubeba watu kwa pikipiki, na alizoea kupita mahali ambapo wengine waliogopa. Risasi zilipotulia kidogo akaniambia, "Mama, tate hana hata maji. Ninaenda na kurudi." Baba yake, aliyekuwa amelala sakafuni pamoja na wadogo zake, alimwambia angoje. Akasema ndiyo, papa, huku anavaa viatu. Aliisukuma pikipiki hadi barabarani ndipo akaiwasha.

Simu hazikuwa zinapita. Kwa hiyo tulijiambia kwamba wote wawili wako kule, wamejifungia ndani, wanasubiri mambo yatulie. Nilishikilia wazo hilo mpaka mama yangu alipofika kwetu kwa miguu, ameletwa na majirani zake, amejifunga vitenge viwili kimoja juu ya kingine. Alisimama mlangoni, akatazama ndani ya nyumba, juu ya bega langu.

"Mujukuu wangu iko wapi?" akauliza.

Nilitazama barabarani, nyuma yake. Alielewa mwenyewe, akakaa chini palepale penye kizingiti.

Mume wangu ndiye aliyeiona pikipiki. Ilikuwa kwenye kona ya njia inayoingia Keshero, kando ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, imesimamishwa vizuri kwa mguu wake kama pikipiki ya mtu aliyeingia dukani. Ufunguo haukuwapo. Damu haikuwapo. Mama mmoja alimwambia kupitia tundu la geti kwamba aliona vijana wakipandishwa kwenye kamyo, yaani lori. Mwingine wa nyumba ya pili alisema hakukupita kamyo yoyote.

Tulimtafuta hospitalini, kitanda kwa kitanda. Kwenye chumba cha maiti mume wangu alinikataza kuingia, akaingia peke yake na kitambaa puani. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema tu, "Hayumo," akaenda kutapika nyuma ya ukuta. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa bila kutambuliwa, na hilo wote wawili tulilijua.

Miezi ikapita. Masomo yakaanza tena, soko likajaa, watu wakarudi kubishana juu ya bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na ukimya wake. Mama yangu alikuwa ameacha kula. Ukimpa ugali na sombe ya majani ya muhogo, alimega kidogo, akaisogeza sahani kwa watoto. Alisema neno moja tu, tena na tena: "Ni mimi alikuwa anakuja kuchukua."

Siku moja mume wangu aliniita uani. Alikuwa amenyoa kichwa.

"Mama watoto," akasema, "tufanye matanga. Mutoto wetu hawezi kupotea kama mbuzi. Anastahili kuliliwa."

"Na kama yuko muzima?"

"Kama yuko muzima, atatusamehe."

"Mimi siwezi kumuzika mutu aliye muzima," nikamwambia. Aliinama, akaokota jiwe dogo la lava, akalitupa ukutani.

Kusali nilikuwa nimeacha. Jumapili nilienda kanisani kwa sababu miguu ilizoea, lakini nyimbo zilipoanza mdomo ulifungika. Wamama wa shirika letu, jumuiya ndogo ya kanisa mtaani kwetu, walikuja na maharage na maneno. Mmoja alinishika mkono akasema Mungu hakosei. Nilimshukuru kwa maharage.

Kisha ikafika zamu ya shirika letu kufagia kanisa. Wenzangu walienda kuchota maji, mimi nikabaki na ufagio kati ya mabenchi. Vumbi letu la Goma ni jeusi, na halitoki kwa kufagia mara moja. Nilipofika mbele, karibu na taa nyekundu ya sakramenti, nilichoka ghafla. Nikakaa chini na ufagio magotini, nikasema kwa sauti, kama mtu anayegombana na jirani: "Unajua aliko. Mimi sijui. Wewe unajua."

Nilisema vile kwa hasira. Nikarudia, na niliporudia, hasira ikawa imepungua. Tangu siku ile mtoto alipotoka hadi nilipoacha kusali, nilikuwa nikimwomba Mungu anionyeshe, aniambie, anirudishie, nami nilisikia kimya tu. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya kimya kile mwanangu alikuwa anaonekana. Awe kwenye msitu fulani na bunduki aliyolazimishwa kubeba, awe chini ya udongo bila msalaba, kuna aliyekuwa anamwona. Nililia hadi wenzangu wakarudi na ndoo. Walimwaga maji, wakaanza kupiga deki kunizunguka.

Wiki hiyo nilimfuata padri, kijana wa asili ya upande wa Butembo kama sisi. Nikamwomba Misa kwa ajili ya mtoto.

"Nimutaje pamoja na marehemu, mama, ao pamoja na walio hai?" akauliza kwa upole.

"Padri, umutaje tu. Mungu anajua wa kumuweka wapi."

Alinitazama kidogo, akasema, "Nitafanya vile."

Mume wangu nilimweleza jioni hiyo, nikitarajia atakataa. Aliuliza tu Misa ni saa ngapi. Asubuhi ya Misa tulikaa benchi moja, mama yangu katikati yetu. Padri aliposoma jina la mwanangu peke yake, baada ya marehemu wote na kabla ya wagonjwa, mume wangu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Tangu tufunge ndoa sikuwa nimemwona akilia.

Tulirudi kwa miguu, polepole, kwa sababu ya mama yangu. Njiani nilimwambia, "Mama, alikuwa anakuja kwako kwa sababu alikupenda. Usiufanye upendo wake kuwa kosa." Nyumbani nilimwekea viazi vitamu na chai. Alikula kiazi kimoja, akakaa, halafu akaanza kumenya cha pili.

Hadi leo hatujapata habari. Mume wangu anaamini mtoto amekufa. Mimi siamini hivyo, wala siamini kinyume chake. Kuna siku kijana mwenye mgongo kama wake hupita kwa pikipiki na moyo wangu unamkimbilia, halafu unarudi ukiwa umechoka. Lakini ninalala. Kabla ya kulala ninamtaja kwa Mungu jina lake peke yake, siongezi kitu, na ninamwachia.